Kumtafuta Joe, askari wa ONU wa mwaka 1962: shajara ya kazi kutoka Lubumbashi

Shajara hii naiweka kwa ajili ya familia za Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na Kamina zenye mzee aliyezaliwa kati ya 1961 na 1964 na ambaye baba yake alikuwa askari wa ONU, yaani Umoja wa Mataifa. Mama yangu ni mmoja wao. Alizaliwa Oktoba 1962 hapa hapa, wakati mji ungali ukiitwa Elisabethville. Kila hatua ikiisha naongeza maandishi. Gharama naziandika zote, hata pesa iliyopotea bure, maana pesa ndiyo inayowakatisha wengi tamaa kabla hawajaanza.

12 Machi 2023: Tulichokuwa nacho mkononi

Nkambo, mama yake mama, alikuwa Muluba wa Kasai. Mwaka 1961, Katanga ya Tshombe, jimbo letu lililokuwa limejitenga na Kongo, ilipowageukia Waluba, alikimbia na wadogo zake hadi kwenye kambi ya wakimbizi iliyolindwa na ONU pembezoni mwa mji. Walikuwa makumi ya maelfu humo, katika vibanda vya magunia na mabati, maji yakipatikana kwa kugombania. Akapata kibarua cha kufua nguo za maaskari, na huko ndiko alikomjua baba wa mama. Kama alimpenda, au njaa ndiyo iliyomsukuma, hakutuambia hadi alipofariki mwaka 2009, nami simsemei.

Aliacha picha moja. Kijana wa Kizungu amekaa kwenye ngazi za nyumba, bereti kichwani, bunduki fupi mapajani, mikono ya shati imekunjwa juu ya kiwiko. Nyuma kumeandikwa kwa kalamu ya wino: "Joe, E'ville, 62". Zaidi ya hapo nkambo alikuwa akisema tu kwamba aliondoka mvua zilipokatika. Kwetu mvua hukatika Aprili, kwa hiyo tuliandika: aliondoka Aprili au Mei 1962. Mama alitungwa mimba Januari mwaka huo. Mambo mawili hayo yanakubaliana.

Mama ameitwa metisi, yaani chotara, tangu utoto, wengine kwa upole, wengine kwa kumchoma. Kabla ya kugusa chochote nilimuuliza kama kweli anataka. Akanijibu: "Miye hapana kutafuta falanga. Nataka tu kujua hii sura yangu ilitoka wapi." Jibu hilo nimelibandika kwenye jalada la daftari, kwa sababu baadaye, kila tulipobishana tufanye nini, lilituamulia.

Gharama: hakuna.

20 Agosti 2023: Bunduki iliyotupeleka Sweden

Hatua hii ilikula miezi na haikuzaa kitu, lakini mtu anayetufuata asije akaipita tena.

Binamu yangu aliyeko Brussels aliikuza picha na kuwaonyesha watu wanaojua silaha. Wakasema bunduki ni Carl Gustaf m/45, iliyobuniwa na kuundwa Sweden, huko Eskilstuna. Na Wasweden ndio waliokuwa wakilinda kambi ya Waluba. Kila kitu kilionekana kukaa mahali pake. Tukaanza kuandika Stockholm, kwenye kumbukumbu za kivita, Krigsarkivet, tukiulizia batalioni iliyokuwa Elisabethville mwanzoni mwa 1962, ile wanayoiita 14K.

Ikiwa baba yenu alikuwa Msweden kweli, mna bahati. Kule kumbukumbu za wakazi ziko wazi kwa umma kwa mujibu wa sheria. Ofisi ya kodi, Skatteverket, humpa yeyote anayeuliza tarehe ya kuzaliwa na anwani ya mtu, isipokuwa wale wachache waliofichwa kwa usalama wao. Mkiwa na jina kamili, kazi inakwenda haraka.

Sisi hatukuwa na jina kamili. Mzee mmoja wa Sweden anayesaidia watu kwa hiari aliitazama picha siku kadhaa, kisha akatuandikia kwamba jeshi la Ayalandi lilikuwa limenunua bunduki hiyohiyo na kuja nayo Kongo. Tena Joe si jina la kawaida kwa kijana wa Kisweden wa wakati huo. Maneno mawili tu, na miezi yote ile ikaanguka.

Kwa hiyo msikubali silaha iwaambie taifa la mtu. Bereti ya buluu vilevile ilivaliwa na wote. Tazameni beji ya bega na ya kofia, na kama haionekani, iacheni picha kando.

Waayalandi nao walikuwa wakibadilishana karibu kila miezi sita. Batalioni yao ya 36 iliingia Desemba 1961 katikati ya mapigano, ikapigania Tunnel tarehe 16 ya mwezi huo, pale reli inapopita juu ya barabara, na ikapokewa na ya 37 mwezi Mei 1962. Mvua zilipokatika. Hapo tukahamia Dublin.

Gharama: dola 35 za kukuza na kutuma picha, na mega za intaneti ambazo sikuzihesabu. Dola 150 nyingine zilikwenda kwa mtu wa mjini aliyedai ana njia ya kufikia faili za ONU New York. Hakuwa nayo. Jina lake silitaji, ila nasema hivi: anayeomba pesa kabla ya kukuonyesha karatasi, mwache.

3 Oktoba 2023: Mlango wa jeshi

Kumbukumbu za jeshi la Ayalandi ziko katika kambi ya Cathal Brugha, Dublin. Historia za batalioni zilizokuja Kongo wanazo, na mtafiti anaweza kuzisoma. Faili la askari mmoja mmoja ni jambo jingine: hupewa mwenyewe, au ndugu wa karibu akiwa ametoa ushahidi wa undugu. Ushahidi ndio hasa tuliokuwa tukiutafuta.

Tungeweza kukaa hapo tukilalamika mwaka mzima. Nikabadili mpango: tusianze na jeshi, tuanze na damu. Tuipate kwanza familia, halafu ndani ya familia tumpate aliyekuja Kongo. Kama kuna sentensi moja ya kuchukua kutoka shajara hii, ni hiyo.

16 Machi 2024: Mate

Benki ya DNA yenye watu wengi wa asili ya Ayalandi ni ya kampuni ya Ancestry, kwa sababu Waayalandi waliotawanyika Marekani, Uingereza na Australia wamejipima huko kwa wingi. Binamu alinunua paketi Brussels, akaileta shangazi aliyekuja kwenye kilio cha familia. Alama za paketi ziandikishwe kwenye akaunti kabla ya kuirudisha, na akaunti iwe kwa jina na ridhaa ya mzee mwenyewe. Mama niliketi naye nikamsomea masharti yote kwa Kiswahili, pamoja na lile linalosema kwamba ndugu wa damu wataweza kumwona yeye pia.

Kipimo kinataka mate, na nusu saa kabla yake asile, asinywe, asivute sigara. Mama ana sukari na kinywa chake hukauka. Alikaa kwenye kiti cha plastiki barazani, kichupa mkononi, akitema povu tupu. Povu halihesabiwi, ni maji ya mate yenyewe ndiyo yanayopaswa kufika kwenye mstari. Alipochoka akakifunga. Matokeo yakarudi: mate hayatoshi kutoa DNA.

Paketi ya pili tulifanya hivi. Mama alikunywa maji mengi usiku na alfajiri, akapumzika ile nusu saa bila kitu, kisha nikamkatia limau na kuliweka mbele ya pua yake, bila kulionja. Akasugua mashavu kwa nje kwa vidole. Mstari ukafikiwa taratibu. Ukifunga kifuniko, maji ya buluu yaliyomo hushuka na kuchanganyika na mate, tikisa vizuri. Maji hayo ndiyo yanayoyalinda mate yasiharibike safarini, hivyo joto la sanduku la ndege lisiwatie hofu.

Gharama: paketi ya kwanza yuro 90 pamoja na usafirishaji hadi Brussels, ya pili ilitolewa bure kwa sababu ya kwanza ilishindikana. Kurudisha kutoka Brussels, yuro 12. Kutoka Lubumbashi hadi Brussels ilibebwa na wasafiri tunaowajua. Kampuni za vifurushi zingetugharimu zaidi kuliko paketi yenyewe.

8 Juni 2024: Orodha

Karibu nusu ya damu ya mama ni ya Ayalandi. Swali la Sweden limekufa rasmi.

Hapa kuna jambo ambalo sikuliona limeandikwa popote kwa ajili ya watu wetu. Kazi ngumu ya Mmarekani anayetafuta baba ni kutenganisha ndugu wa upande wa mama na wa upande wa baba. Kwetu, Waluba wa Kasai karibu hawamo kabisa kwenye benki hizi. Kila mtu aliyetokea na kiasi cha maana kwenye orodha ya mama alikuwa wa Joe. Uchache wetu umetufanyia kazi.

Undugu hupimwa kwa sentimogani, cM, kipimo cha DNA ambayo watu wawili wanagawana. Mzazi na mtoto hugawana karibu 3,400 hadi 3,500. Binamu wa kwanza kwa wastani 866, na huweza kuwa kati ya 396 na 1,397. Binamu wa pili wastani wake ni 229. Namba hizi ni za mradi wa Blaine Bettinger, nazo ziko bure kwenye tovuti ya DNA Painter. Wa juu kabisa kwa mama alikuwa mwanamke wa Manchester mwenye 431. Baada yake, mtu wa Boston mwenye 212, kisha kundi kubwa chini ya 130.

Nikatumia njia ya Dana Leeds: unachukua wenye kati ya 90 na 400, unampa wa kwanza rangi, na wote wanaolingana naye unawapa rangi hiyohiyo, aliyebaki bila rangi anaanzisha rangi mpya. Sikutumia kompyuta. Niliandika majina kwenye karatasi kubwa na kupaka kwa kalamu za rangi za mwanangu, umeme ukiwa umekatika. Zilitakiwa zitoke rangi mbili, ukoo wa baba wa Joe na ukoo wa mama wa Joe. Mwanzoni zilichanganyika vibaya, kwa sababu watu wa magharibi ya Ayalandi wameoana vijiji kwa vijiji kwa karne nyingi, na mtu mmoja anakuwa ndugu yako kwa njia mbili. Niliwatoa wote walio chini ya 110, na picha ikasafika: kundi moja asili yao kaunti ya Mayo, jingine kaunti ya Roscommon.

Gharama: mwezi mmoja wa usajili ili kuona miti ya koo za watu, dola 40 hivi. Lipeni baada ya matokeo kutoka, fanyeni kazi yote mwezi huo, mfute.

21 Septemba 2024: Ujumbe uliofunga mlango

Yule wa Boston aliandikiwa hadithi nzima: kambi, vita, nkambo, picha, askari. Siku ya pili akaondoa jina lake lisionekane, pamoja na mti wake wa ukoo. Naelewa. Mtu ameamka asubuhi akasoma kwamba mjomba wake aliacha mtoto Afrika, na hajui kama anayemwandikia anataka pesa.

Kwa mwanamke wa Manchester tuliandika mistari michache tu: "Wewe na mama yangu mnagawana 431 cM. Naamini mnakutana kwa babu na bibi zako au ndugu zao, upande wa Mayo. Mama yangu anajenga mti wa ukoo wake na angefurahi kujua majina ya wazee wako wa huko." Hakuna askari, hakuna Kongo, hakuna uongo. Alijibu siku ileile kwa majina ya babu na bibi zake na wajomba zake wote. Ukweli mzima alielezwa kwenye simu, wiki mbili baadaye, baada ya yeye mwenyewe kuuliza mama amezaliwa wapi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema atatusaidia.

14 Desemba 2024: Ndoa ya 1934, na jina lililokosekana

Koo mbili zile lazima zikutane kwenye ndoa moja, ya wazazi wa Joe. Tovuti ya serikali ya Ayalandi, irishgenealogy.ie, inaonyesha bure picha za daftari zenyewe: vizazi vilivyopita miaka 100, ndoa zilizopita 75, vifo vilivyopita 50. Niliandika jina la ukoo wa Mayo na lile la Roscommon, nikapata ndoa ya 1934. Sensa ya 1911, nayo iko bure, ilinionyesha bwana harusi akiwa mtoto mchanga nyumbani kwao. Sensa za karne ya 19 msizitafute sana. Nyingi hazipo, na nyaraka tele za nchi hiyo ziliungua Dublin mwaka 1922.

Watoto wa ndoa hiyo walizaliwa baada ya 1934, kwa hiyo sheria ya miaka 100 inawaficha mtandaoni. Lakini fahirisi iko wazi kwa anayefika mwenyewe kwenye chumba cha utafiti cha Werburgh Street, Dublin. Rafiki wa yule wa Manchester alikwenda kutusomea. Wavulana watatu wana umri unaofaa. Hakuna Joseph hata mmoja.

Siku hiyo mama alilala mapema bila kula.

Tuliokolewa na matangazo ya misiba. Waayalandi hutangaza vifo kwenye RIP.ie na huandika majina ya ndugu wote, waliotangulia na waliobaki. Tangazo la dada wa ukoo huo lilitaja kaka watatu: wawili kwa majina yaleyale ya daftari, na wa tatu Joe. Kwenye daftari wa tatu ni Patrick. Mtu alisajiliwa kwa jina la kwanza, nyumbani akaitwa kwa la pili. Msimfute mtu kwa sababu jina halikulingana; hesabuni nani amebaki bila jozi. Tangazo la Joe mwenyewe lilikuwepo pia, la 2011, na lilisema alikuwa mwanajeshi mstaafu.

Mama aliuliza tu alikufa mwezi gani.

Gharama: ada ya kutafuta siku nzima, yuro 20, tuliirudisha kwa M-Pesa ya binamu.

5 Mei 2025: Barua kwa dada

Joe ameacha mjane na watoto. Tuliamua kutomgusa mjane. Barua ilikwenda kwa binti mkubwa, kupitia mikono ya binamu yake wa Manchester, ili isimfikie kutoka kwa wageni. Mama aliniambia ya kuandika, nikayaweka hivi: sisi ni nani; vipimo vinaonyesha nini; hatudai mali, hatudai jina; ukitaka kunyamaza tutaheshimu. Picha ya Joe tuliiweka ndani ya bahasha ndogo iliyofungwa, juu yake tukaandika ni picha ya nini, aifungue akitaka.

Jibu lilikuja baada ya Pasaka. Alikuwa ameifungua. Alisema ngazi zile hazijui, ila mikono ya shati iliyokunjwa namna hiyo ni ya baba yake, hadi uzeeni. Kuhusu Kongo baba yake alikuwa na medali kwenye droo na alikuwa hazungumzi. Akakubali kujipima.

19 Julai 2025: 1,742

Sentimogani 1,742. Hapa ndipo suala la kaka watatu linapokwisha. Kama baba wa mama angekuwa mmoja wa kaka zake Joe, huyu binti angekuwa binamu wa kwanza wa mama, na binamu wa kwanza hapiti 1,400 hivi. 1,742 ni ya ndugu wa baba mmoja. Kiasi hicho huweza pia kuwa cha shangazi au bibi na mjukuu, lakini umri wao unakataa.

Walionana kwa simu ya video Jumapili baada ya misa. Mama hajui Kiingereza, dada yake hajui Kifaransa wala Kiswahili, mimi katikati. Sehemu kubwa ya muda walitazamana tu, na kila mmoja akawa anasogeza simu ili mwenzake aone masikio.

11 Oktoba 2025: Yaliyobaki

Watu wananiuliza pasipoti. Sheria ya Ayalandi humhesabu kuwa raia mtu aliyezaliwa ng'ambo ikiwa mzazi wake alizaliwa Ayalandi. Lakini ubaba lazima uthibitishwe, na kipimo cha kununua hakitoshi peke yake. Kuna njia ya kuomba mahakama itamke uzazi, chini ya sheria ya 1987 kuhusu hadhi ya watoto, na inahitaji wakili. Upande wetu, katiba ya 2006, kifungu cha 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine. Mama amekataa kuligusa. Tumeshamwahidi dada yake hatudai kitu, na ahadi ni yake kuitunza.

Alichoomba ni kuombewa misa Joe hapa Lubumbashi kwa jina lake kamili la daftari. Imesomwa Jumapili iliyopita.

Jumla ya pesa, pamoja na zile 150 zilizoliwa: karibu dola 365. Anayeanza leo kwa kufuata hatua za Oktoba 2023 kwenda mbele anaweza kumaliza kwa chini ya 200. Kwa ambao baba zao walikuwa Waethiopia, Wahindi, Wamoroko au Watunisia, benki za DNA bado zina watu wao wachache na itabidi kusubiri zaidi. Lakini mpimeni mzee sasa, angali hai, mate yake yakae kwenye orodha yakiwangojea wengine.

Familia moja ya Ruashi imepata paketi yao wiki hii. Mzee wao alizaliwa Machi 1963, nao wanashikilia kwamba baba alikuwa Mwayalandi. Kichupa kitajazwa Jumamosi alfajiri, na limau nimeshawaambia walinunue.